Wawelisi na Lugha Yao

Upande wa magharibi wa kisiwa kikubwa cha Britania iko nchi ndogo iitwayo Wales. Eneo lake ni kilomita za mraba 20,700 hivi, yaani karibu sawa na Kaunti ya Kajiado, na watu wake, kwa hesabu ya mwaka 2021, walikuwa milioni 3.1. Ni nchi ya milima, kondoo na mvua nyingi. Kaskazini umesimama mlima wa Yr Wyddfa wenye kimo cha mita 1,085. Kusini yamo mabonde ambayo kwa zaidi ya miaka mia yalitoa makaa ya mawe ya kuendeshea meli za dunia. Mashariki imepakana na Uingereza, jirani ambaye watu wake ni wengi kuliko wa Wales mara 18 hivi.

Kuishi ubavuni mwa jirani mkubwa namna hiyo si kazi nyepesi. Wales ilipoteza watawala wake katika karne ya kumi na tatu, na kwa miaka 400 lugha yake haikuwa na nafasi mbele ya sheria. Hata hivyo Wawelisi hawakugeuka kuwa Waingereza. Ni jambo gani lililowahifadhi, na ni jambo gani lililokaribia kuwapoteza? Jibu lake yafaa litazamwe kwa makini, kwa sababu upanga na sheria havikuiumiza lugha ya Wawelisi kwa kadiri ilivyoumizwa na haya ambayo wenyewe walifundishwa kuionea.

Tuanze na jina. Jina la Wales halikutoka kwa wenyeji. Wasaksoni, wazee wa Waingereza wa leo, walipofika kisiwani kutoka bara la Ulaya, waliwaita watu waliowakuta kwa neno la kwao lenye maana ya wageni. Hivyo mwenyeji aliitwa mgeni katika nchi yake mwenyewe, na aliyekuja ndiye aliyetoa jina. Wenyeji hawakulikubali. Walijiita, na hata sasa wanajiita, Cymry, neno ambalo maana yake ya asili ni watu wa nchi moja. Nchi yao huiita Cymru, na lugha yao Cymraeg.

Mababu wa Wawelisi walikuwa Wabritoni, watu wa jamii ya Wakelti, ambao zamani walienea katika sehemu kubwa ya kisiwa. Warumi walikishambulia kisiwa hicho mwaka 43 baada ya kuzaliwa Kristo, wakakitawala hata karibu na mwaka 410. Lugha ya wenyeji haikufa chini ya utawala huo, bali ilikopa. Kutoka Kilatini ilipata neno pont, yaani daraja, na neno llyfr, yaani kitabu. Sisi tusemao Kiswahili hatuna haja ya kustaajabu, maana maneno yetu daraja na kitabu nayo yalikopwa, yakatoka katika Kiarabu. Lugha haifi kwa kukopa. Hufa kwa kukosa wasemaji.

Warumi walipoondoka, Wasaksoni walisonga mbele kidogo kidogo, nao Wabritoni wakasukumwa kuelekea magharibi. Katika karne ya nane Offa, mfalme wa Mercia, alichimba handaki refu na kuinua boma la udongo mpakani, na mabaki yake yanaonekana hata leo. Nyuma ya boma hilo Wawelisi walikuwa na wafalme wao, washairi wao na sheria zao. Washairi Aneirin na Taliesin, ambao hutajwa kuwa waliishi katika karne ya sita, ndio wanaohesabiwa kuwa baba wa fasihi yao. Sheria zao huitwa kwa jina la Hywel Dda, mfalme aliyefariki karibu na mwaka 950. Katika sheria hizo, jamaa za muuaji walitakiwa kulipa fidia ili kisasi kisiendelee, na mke aliyeachwa baada ya kukaa na mumewe miaka saba alistahili nusu ya mali yao. Hayo yaonyesha kwamba walioitwa washenzi na majirani zao hawakuwa watu wasio na utaratibu.

Uhuru wa Wales ulifika kilele chake mwaka 1267, wakati mfalme Henry III wa Uingereza alipomtambua Llywelyn ap Gruffudd kuwa Mkuu wa Wales. Furaha hiyo haikudumu. Mfalme Edward I, mwana wa Henry, alileta vita, na Llywelyn akauawa karibu na Cilmeri tarehe 11 Desemba 1282. Kichwa chake kilipelekwa London. Edward akajenga ngome za mawe katika Caernarfon, Conwy, Harlech na kwingineko, na mwaka 1301 akampa mwanawe cheo kile kile cha Mkuu wa Wales. Tangu siku hizo cheo hicho kimekuwa cha warithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza.

Wawelisi walijaribu tena mwaka 1400 chini ya Owain Glyndŵr. Shujaa huyo aliitisha bunge katika mji wa Machynlleth mwaka 1404, na mwaka 1406 alimwandikia mfalme wa Ufaransa barua ambayo, pamoja na mambo mengine, ilitaja nia ya kuwa na vyuo vikuu viwili, kimoja kaskazini na kimoja kusini. Ni jambo la kukumbukwa kwamba mtu aliyekuwa vitani aliwaza habari za elimu. Vita vilimshinda, akatoweka, wala hakuna ajuaye kwa yakini mahali alipozikwa.

Baada ya upanga ilikuja sheria. Mwaka 1485 Henry Tudor, aliyezaliwa Wales na ambaye ukoo wa babaye ulikuwa wa huko, alitwaa kiti cha ufalme wa Uingereza. Wawelisi wengi walidhani kwamba sasa mtu wao ametawala. Walakini ni mwanawe, Henry VIII, aliyeiunganisha nchi yao na Uingereza kwa sheria za mwaka 1536 na 1543. Sheria hizo ziliwapa Wawelisi haki sawa na Waingereza na wajumbe katika bunge la London. Lakini ziliagiza pia kwamba mahakama zitumie Kiingereza peke yake, na kwamba mtu atumiaye Kiwelisi asishike kazi ya serikali. Tangu hapo mkulima wa Wales aliweza kuhukumiwa kwa maneno asiyoyafahamu katika nchi ya babu zake. Wakubwa wa nchi walianza kuwapeleka watoto wao kujifunza Kiingereza, na Kiwelisi kikabaki kuwa lugha ya shamba na jikoni.

Lugha iliyofukuzwa mahakamani ilipata kimbilio kanisani. Katika siku za malkia Elizabeth I serikali ilitaka watu wote waifuate dini yake mpya, na ilitambua kwamba watu hawawezi kufuata wasichokielewa. Kwa hiyo mwaka 1563 bunge liliagiza Biblia itafsiriwe kwa Kiwelisi. Agano Jipya lilitoka mwaka 1567, na mwaka 1588 Biblia nzima ikatoka kwa kazi ya William Morgan, kasisi wa parokia moja ya milimani. Faida yake ilizidi ile iliyokusudiwa. Lugha ambayo ingaliweza kugawanyika katika lahaja nyingi sasa ilikuwa na kitabu kimoja kilichosomwa kila Jumapili, kaskazini na kusini. Mkulima asiyeweza kusema neno mahakamani alisikia lugha yake ikitamkwa kwa utukufu mbele ya Mungu wake.

Kitabu pasipo wasomaji hakina nguvu. Katika karne ya kumi na nane kasisi Griffith Jones wa Llanddowror alianzisha shule za kuhamahama. Mwalimu alifika kijijini wakati wa baridi, kazi za shamba zilipopungua, akakaa miezi mitatu hivi, akawafundisha watoto mchana na watu wazima usiku kusoma lugha yao wenyewe. Kisha akahamia kijiji kingine. Kwa sababu watu walifundishwa lugha waliyoijua tayari, muda huo mfupi ulitosha. Griffith Jones alipofariki mwaka 1761, shule zaidi ya 3,000 za namna hiyo zilikuwa zimefunguliwa, na waliofundishwa walikuwa zaidi ya 150,000, katika nchi ambayo watu wake walikuwa nusu milioni hivi. Nchi maskini ikawa miongoni mwa nchi za Ulaya zenye wasomaji wengi.

Matunda ya kazi hiyo yaonekana katika habari ya msichana Mary Jones. Inasimuliwa kwamba mwaka 1800, akiwa na umri wa miaka 15, alitembea kilomita 40 hivi kwa miguu mitupu mpaka Bala ili kununua Biblia ya Kiwelisi kwa fedha alizoziweka akiba kwa miaka. Mhubiri Thomas Charles, aliyemuuzia kitabu hicho, alikuwa mmoja wa watu ambao juhudi yao ilizaa Chama cha Biblia cha London mwaka 1804. Chama hicho ndicho kilichochapa baadaye Biblia katika lugha nyingi za Afrika, na Kiswahili kimo.

Karne ya kumi na tisa ilileta viwanda vya chuma, machimbo ya makaa na reli. Hapo mwanzo mambo hayo yaliisaidia lugha, maana vijana wa mashambani walipata kazi katika mabonde ya kusini, wasilazimike kwenda ng'ambo. Lakini ilileta pia pigo zito kuliko yote. Mwaka 1846 mbunge mmoja, William Williams, ambaye mwenyewe alizaliwa Wales, aliomba bunge lichunguze hali ya elimu katika nchi hiyo. Walitumwa wachunguzi watatu, na hapana hata mmoja aliyejua Kiwelisi. Taarifa yao ilitoka mwaka 1847 katika vitabu vyenye majalada ya buluu. Walisema kweli waliposema kwamba shule zilikuwa duni na kwamba watoto walikariri Kiingereza pasipo kukifahamu. Lakini hawakuishia hapo. Walidai kwamba lugha ya Kiwelisi ilikuwa kizuizi cha maendeleo, na wakaishutumu tabia ya watu wake, hasa ya wanawake. Wawelisi walikasirika mno, na mpaka leo huziita habari hizo Usaliti wa Vitabu vya Buluu.

Hasira huwaka ikazimika, lakini haya hukaa ndani. Wazazi wengi walianza kusema mioyoni mwao: labda ni kweli kwamba lugha hii haitamfikisha mtoto wangu popote. Katika shule nyingi desturi moja ya aibu ilishika mizizi. Asubuhi mtoto wa kwanza kusikika akisema Kiwelisi alivishwa shingoni kibao cha mti chenye herufi W.N. Akimsikia mwenzake akisema Kiwelisi, humpa yeye kibao, na huyo humvizia mwingine. Aliyeonekana nacho jioni alichapwa. Ona, msomaji, werevu wa adhabu hiyo. Mwalimu hakuwa na haja ya kusikiliza kila neno, maana watoto wenyewe walifanywa walinzi wao kwa wao. Kila mtoto alijifunza kumsaliti rafiki yake, na kuchukia maneno ya mamaye.

Haki inatudai tuseme kwamba hapakuwa na sheria ya serikali iliyoagiza kibao hicho. Walimu waliokitumia aghalabu walikuwa Wawelisi, na wazazi wengi waliridhia wakidhani wanawatendea watoto wao hisani. Hapo ndipo hatari ilipo. Mtu akilazimishwa na adui, moyo wake hupinga. Lakini akishauriwa na mzazi na mwalimu, hana pa kukimbilia.

Matokeo yalionekana katika hesabu za watu. Mwaka 1901 karibu nusu ya watu wa Wales walisema Kiwelisi. Mwaka 1911 walihesabiwa wasemaji 977,000, idadi kubwa kuliko zote zilizopata kuhesabiwa. Lakini sehemu yao katika taifa ilikuwa imekwisha kupungua, kwa kuwa wageni wengi walihamia machimboni. Kisha vikaja vita, ukosefu wa kazi, sinema na redio. Kufikia mwaka 1961 waliobaki walikuwa 656,000 hivi, yaani watu 26 katika kila 100.

Hata hivyo hawakukosekana watu waliokataa. Wengine walihama. Mwaka 1865 watu 150 hivi walipanda meli iitwayo Mimosa wakaenda Patagonia, katika Argentina, ili waishi mahali ambapo lugha yao haitadharauliwa. Na mpaka leo kiko Kiwelisi kinachosemwa huko. Wengine waliilinda lugha kwa ushairi. Wawelisi wana sherehe iitwayo Eisteddfod, ambayo yafanana na mashindano ya malenga, na mshairi bora hupewa kiti cha heshima. Mwaka 1917 mshindi alipoitwa hakuinuka mtu. Alikuwa Hedd Wyn, mchunga kondoo aliyeuawa vitani katika Ubelgiji tarehe 31 Julai mwaka ule. Kiti chake kilifunikwa kitambaa cheusi, nao watu wakalia.

Wengine walifanya kazi shuleni. Owen M. Edwards, aliyezaliwa mwaka 1858, alikuwa mmoja wa watoto waliovishwa kibao. Alikua akawa mwalimu wa chuo kikuu cha Oxford, na mwaka 1907 akafanywa mkaguzi mkuu wa shule za Wales. Akatumia cheo chake kukirudisha Kiwelisi madarasani. Mwanawe, Ifan ab Owen Edwards, alianzisha chama cha vijana wa Kiwelisi mwaka 1922, na mwaka 1939 akafungua katika Aberystwyth shule ya kwanza ya msingi iliyofundisha kwa Kiwelisi. Siku ya kwanza walikuja watoto saba. Mwaka 1956 shule ya kwanza ya sekondari ya namna hiyo ilifunguliwa kaskazini mwa nchi. Katika nyumba moja, aibu aliyovishwa baba iligeuka kuwa kazi ya mwana.

Tena walikuwako watu wa kawaida. Mwaka 1952 Trefor Beasley, mchimba makaa, na mkewe Eileen, mwalimu, walipata hati ya kodi iliyoandikwa kwa Kiingereza tu. Walijibu kwamba watalipa watakapoandikiwa kwa Kiwelisi. Walishtakiwa mara nyingi, na samani zao zikachukuliwa, pamoja na piano. Mwaka 1960, baada ya miaka minane, hati yenye lugha zote mbili ikawafikia. Katika miaka hiyo hiyo bunge la London lilikubali bonde la Tryweryn lizamishwe ili mji wa Liverpool upate maji, ijapokuwa wabunge wengi wa Wales walipinga. Mwaka 1965 kijiji cha Capel Celyn, pamoja na shule yake na kanisa lake, kilifunikwa na maji.

Tarehe 13 Februari 1962 mwandishi Saunders Lewis alisema katika redio kwamba lugha itakwisha mwanzoni mwa karne ya ishirini na moja kama watu hawatabadili mwenendo, na akautaja mfano wa wale mume na mke. Mwaka ule ule vijana waliunda chama cha kuitetea lugha. Waliketi barabarani, walifuta vibao vya njia vilivyoandikwa Kiingereza tu, na wengi wakafungwa. Sheria zikaanza kulegea mmoja baada ya mwingine mlango uliofungwa mwaka 1536. Sheria ya mwaka 1967 iliruhusu Kiwelisi kutumika zaidi mahakamani. Ya mwaka 1993 iliagiza lugha mbili zitendewe kwa usawa katika kazi za umma. Na ya mwaka 2011 ilikifanya Kiwelisi kuwa lugha rasmi. Mwaka 1980 mwanasiasa Gwynfor Evans aliapa kufunga kula mpaka kufa kama serikali haitatimiza ahadi ya televisheni ya Kiwelisi. Serikali ilikubali, na matangazo yakaanza mwaka 1982. Mwaka 1997 Wawelisi walipiga kura, wakakubali kwa wingi mdogo sana kuwa na baraza lao, lililofunguliwa mwaka 1999, na ambalo leo ni bunge liitwalo Senedd.

Tusidhani kwamba vita vimekwisha. Hesabu ya mwaka 2021 ilipata wasemaji 538,000, chini ya watu 18 katika kila 100. Serikali ya Wales imekusudia wafike milioni moja ifikapo mwaka 2050, na hakuna awezaye kuapa kwamba watafika. Wala tusidhani kwamba wasiosema Kiwelisi si Wawelisi. Wengi wao huipenda nchi yao kwa moyo wote, na huenda watu hao, ambao babu zao walinyamazishwa shuleni, ndio wanaowapeleka watoto wao katika shule za Kiwelisi. Kinachotofautiana na zamani ni kwamba haya imepungua. Mtoto wa leo huvishwa beji ili ajulikane kwamba anasema Kiwelisi. Babu yake alivishwa kibao kwa neno hilo hilo.

Habari hizi hazituhusu kwa mbali. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu alichokitoa mwaka 1986, alieleza jinsi katika shule za Kenya ya ukoloni kifungo kilivyopitishwa mkono kwa mkono baina ya watoto waliosikika wakisema lugha za mama zao, na jinsi walivyoadhibiwa jioni. Kibao cha Wales na kifungo cha Kenya vilifundisha somo moja. Leo Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaagiza lugha za wananchi zilindwe na kukuzwa. Ni agizo jema, lakini Wawelisi wanatuonyesha kwamba sheria ni nusu ya kazi. Kiwelisi kiliishi miaka 400 pasipo sheria, kwa sababu kilisemwa mezani, kilisomwa kanisani na kuimbwa na washairi. Kilianza kufa pale mama alipoona ni hisani kumnyima mwanawe.

Wazee wetu walisema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Kujifunza lugha ya jirani ni akili, na Mwelisi mwenye lugha mbili hakupungukiwa na kitu. Tujifunze basi Kiingereza tukijue, tujifunze Kiswahili tukitukuze. Na jioni, tukifika nyumbani, tumjibu nyanya kwa lugha aliyotusalimu nayo.